Dadaab Yatafuta Mteja Wake: Historia ya Kazi za Ubunifu Zilizovuka Mipaka ya Garissa

Maneno ya mwanzo

Wakala wa kazi za mtandaoni wa Dadaab, uitwao kwa jina lake rasmi Dadaab Collective Freelancing Agency, ni mchanga wa umri, maana ulizaliwa katika miaka ya karibuni tu. Lakini nasaba yake ni ndefu, na mwenye kutaka kuieleza kwa insafu hana budi kurudi nyuma, kupita kompyuta na nyaya zake, mpaka siku za turubai la sinema lililotundikwa juu ya lori, na kabla ya hapo mpaka siku za mkalimani aliyesimama juani baina ya daktari mgeni na mama asiyejua neno la Kiingereza. Kurasa hizi zimekusudiwa kuiweka nasaba hiyo katika maandishi, kwa ajili ya vijana wa kambini na wa miji ya Garissa ambao leo huchora nembo, hufanya tarjama, hunakili mahojiano na kuhariri picha kwa ajili ya wateja walio ng'ambo ya bahari, na ambao yamkini hawajaambiwa ni nani waliowatangulia.

Habari zilizoandikwa juu ya Dadaab ni nyingi, na aghalabu ni habari za njaa, za hofu na za mahema. Hatuzikanushi, kwani zote zilitokea. Jambo tulilolifuata hapa ni jingine: mtu aliyewekewa mpaka wa kutembea alipataje kuuza kazi ya akili yake katika nchi asizoruhusiwa kuzikanyaga, na katika kila zama, ni nani aliyemshika mteja? Kwa maana ustadi haukupata kuwa haba Dadaab, na waya wa intaneti nao, ingawa ulichelewa, ulifika. Kilichopiganiwa muda wote ni haki ya kumwandikia mnunuzi hati ya malipo kwa jina lako mwenyewe.

Ardhi iliyofungwa na haja iliyozaliwa, 1926–1998

Kaskazini Mashariki ilijua kufungwa kabla ya kuwajua wakimbizi. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1926 iliifanya nchi yote iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lisiloingiwa wala kutokwa bila ruhusa ya serikali ya kikoloni. Na uhuru ulipokuja ukaja pamoja na vita vya Shifta, vilivyodumu toka 1963 hadi 1967, na baada ya vita zikabaki kanuni za hali ya hatari mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchi iliyowekwa hivyo kwa zaidi ya miaka sitini hupata barabara chache, shule chache na wateja wachache, na watu wake hujifunza kufanya biashara kupitia kwa mtu wa kati.

Mtu wa Garissa anaijua kazi ya dalali tangu utotoni. Katika soko la mifugo la mji huu, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki, mfugaji aliyeswaga wanyama wake siku nyingi hukutana kwanza na dalali. Huyo ndiye amjuaye mnunuzi wa Nairobi na wa Mombasa, huyo ndiye mdhamini kwamba ng'ombe si wa wizi, na ujira wake hutoka katika bei. Kazi hiyo ni ya halali na ina heshima yake, wala soko haliendi bila ya mwaminifu wa kusimama kati. Lakini mfugaji asiyemjua mnunuzi hana njia ya kuijua bei ya kweli, na mwaka atakapogombana na dalali wake atakuwa na ng'ombe asiye na soko. Msomaji atatuwia radhi kwa kumpitisha sokoni, maana yatakayofuata yote, kwa kamera na kwa kompyuta, ni habari ya udalali huo huo.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, watu walivuka mpaka kwa makumi ya maelfu, na kambi ya Ifo ikafunguliwa mwaka huo huo karibu na kijiji cha Dadaab, yapata kilomita 100 kutoka mji wa Garissa; Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi zote tatu zilipimwa kwa watu 90,000. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali, wala kuajiriwa kwa mshahara. Mashirika yaliyomhitaji yalimlipa posho waliyoiita motisha, iliyokuwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenyeji aliyefanya kazi kama hiyo.

Hapo ndipo ilipozaliwa huduma ya kwanza, nayo ni ukalimani. Daktari, mwanasheria, mwalimu, mgawaji wa chakula, wote walihitaji kinywa cha mtu ajuaye Kisomali na Kiingereza, na mara nyingine Kioromo, Kiarabu au Kiswahili. Walioshika kazi hiyo walikuwa watu waliosoma Mogadishu na Kismayo, na wengine wao walikuwa katika kizazi cha kwanza kufundishwa Kisomali cha kuandika, maana hati ya Kilatini ya lugha hiyo ilitangazwa rasmi mwaka 1972 tu. Stadi walizojizoeza katika mistari ya mgawo, yaani kusikiliza, kuhifadhi, kutamka maneno ya mwingine bila kuongeza wala kupunguza, ndizo leo zinazouzwa kwa saa na kwa idadi ya maneno. Enzi zile ziliingia katika daftari la motisha. Maadamu mtu hakuweza kufika hata Garissa bila karatasi, alihitaji bidhaa iwezayo kusafiri peke yake, nayo alikuwa nayo tayari kinywani.

Turubai na kamera, 1999–2008

Masoko ya nje yalianza kwa njia ya kinyume: kabla Dadaab haijaenda ng'ambo, ng'ambo ilikuja Dadaab. Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kosovo, mtayarishaji wa filamu wa Marekani, Bi Caroline Baron, alianzisha taasisi ya FilmAid, iliyoanza kwa kuwaonyesha sinema wakimbizi waliojazana katika kambi za Masedonia. Mwaka 2001 FilmAid iliingia Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, na baadaye ikaieneza kazi yake Dadaab.

Namna yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza. Lori lilibeba turubai, mashine ya kuonyeshea na jenereta. Jua likizama, watu walikusanyika uwanjani, wakaonyeshwa kwanza filamu za mafunzo, juu ya kipindupindu, ukimwi, ukeketaji na elimu ya wasichana, kisha za kustarehesha. Kwa nje ilikuwa burudani. Kwa ndani palikuwa na jambo lililozaa matunda makubwa zaidi kuliko maonyesho yenyewe: vijana wa kambini walifundishwa kuandika hadithi kwa ajili ya kamera, kushika kamera hiyo, kunasa sauti, kuhoji na kuhariri, na filamu zao zikaonyeshwa katika tamasha la FilmAid, kambini na Nairobi, mbele ya watazamaji waliotoka pembe nyingi za dunia.

Tunaona kwamba faida kubwa ya zama hizo haikuwa kamera. Ilikuwa ni kuzoea maagizo. Shirika la afya lilipotaka filamu ya dakika tano juu ya kunawa mikono, lilitoa maelezo ya lilitakalo, likaweka siku ya mwisho, likaitazama rasimu, likarudisha masahihisho. Na kijana aliyedhani amemaliza akajifunza kwamba kazi ya kuagizwa humalizwa na aliyeiagiza. Msanii huumia kwa jambo hili mara ya kwanza. Asipozoea, hafai kuuza kazi yake popote, awe amezaliwa Hagadera au Paris.

Lakini mteja alikuwa wa FilmAid. Mikataba iliandikwa kwa jina lake, na ruzuku ilipopungua katika mji wa mbali, kamera za kambini zilipumzika. Hilo halikuwa kosa la taasisi hiyo, iliyokuja kutoa msaada wala haikuja kujenga makampuni.

Udalali wa waya, 2009–2012

Mwaka 2009 una nafasi ya pekee katika historia hii. Katikati ya mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM za chini ya bahari zilifika Mombasa, na Kenya, iliyokuwa ikitegemea setelaiti ghali, ikaunganishwa na dunia kwa bei iliyoanza kushuka. Mwaka huo huo Samasource, shirika lililoanzishwa San Francisco na Bi Leila Janah mwaka 2008, lilifanya jaribio Dadaab kwa ushirikiano na CARE: vijana waliosoma kambini walipewa kompyuta na kufanya vijikazi vya makampuni ya Marekani, kama vile kukagua taarifa, kupanga picha na kusahihisha maandishi. Ilikuwa ni mara ya kwanza, kwa kadiri ya mambo yanayofahamika hadharani, kazi iliyofanywa chini ya mabati ya Dadaab kupelekwa kwa mnunuzi wa ng'ambo siku hiyo hiyo ilipofanywa.

Jaribio halikudumu. Umeme ulikuwa wa jenereta, intaneti ilikatika, na kazi yenyewe ilikuwa imekatwa vipande vidogo hata mfanyaji hakuweza kujua kitu kizima ni kipi wala ni cha nani. Samasource ikaendelea na safari yake, ikaweka kitovu kikubwa cha shughuli zake Nairobi, na hatimaye ikageuka kuwa kampuni ya biashara iitwayo Sama. Bi Janah alifariki Januari 2020. Huku Garissa lilibaki funzo, nalo ni la pande mbili: kwanza, kwamba mnunuzi wa mbali hajali kazi imetoka wapi ikiwa imefika kwa wakati na bila kosa, pili, kwamba anayefanya kipande bila kumwona mwenye kitu anaweza kufanya kazi miaka kumi asipate hata sifa ya kumwombea kazi ya kesho.

Kisha ikaja 2011. Ukame na njaa ya Somalia vilizileta kambini roho zisizohesabika kwa urahisi, hata idadi ya watu ikapita 460,000, na kambi za Ifo 2 na Kambioos zikafunguliwa. Oktoba ya mwaka huo wafanyakazi wawili Wahispania wa Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa nyara Dadaab, wageni wengi wakaondolewa, na kazi nyingi za kila siku zikaangukia mikononi mwa wakimbizi na wenyeji wenyewe. Kwa mashirika yaliyolazimika kusimamia shughuli kutoka mbali, mawasiliano yaligeuka kuwa uhai. Na hivyo, mwaka 2012, ukajengwa mtandao wa kasi uitwao DadaabNet, kwa juhudi za NetHope, Inveneo, Cisco na shirika la misaada la Marekani, USAID. Ulijengwa kwa ajili ya ofisi za misaada. Lakini intaneti ikishafika mahali haiulizi inamtumikia nani, na nguzo za mawasiliano ya simu zilizoongezeka katika miaka iliyofuata zilimfikishia kijana wa kawaida bando la kununua kwa shilingi chache.

Kalamu za kambini, 2013–2017

Baina ya kamera na wakala kuna watu wa kalamu, nao tutawapitia kwa haraka ingawa wanastahili kitabu chao. Kambini palikuwa na gazeti, The Refugee, lililoandikwa na vijana wa papo hapo. Mmoja wa waliolishughulikia, Bwana Moulid Hujale, aliyekulia Ifo, alikuja kuandikia The Guardian la London. Bwana Asad Hussein, mzaliwa wa Dadaab, alichapishwa na jarida la The New York Times mwaka 2016, na mwaka 2018 akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Princeton. Mwandishi wa habari Abdullahi Mire, aliyekulia kambini na kisha akarudi kuwakusanyia wanafunzi vitabu 100,000, alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023. Elimu ya juu nayo ilisogezwa karibu: toka 2013 mradi wa BHER, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York cha Kanada pamoja na Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzao, uliwapa wakimbizi na wenyeji kozi za chuo kikuu wakiwa papo hapo Dadaab.

Hao hawakuwa kampuni, wala hawakudai kuwa kampuni. Kwa historia yetu umuhimu wao ni kwamba majina yao yalichapwa juu ya kazi zao, na mhariri wa mbali alimtafuta mtu kwa jina.

Zilikuwa zama ngumu kwa yeyote aliyetaka kupanga jambo la mwaka ujao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na msiba huo haujatoka katika nyoyo za mji huu. Siku chache baadaye makampuni 13 ya hawala yalisimamishwa, na fedha za halali za jamaa wa ng'ambo zikakwama pamoja na zote, mpaka yaliporuhusiwa tena mwezi Juni. Mei 2016 serikali ilitangaza kuzifunga kambi. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba uamuzi huo ulikwenda kinyume cha katiba. Kambioos ilifungwa mwaka huo, na Ifo 2 ikafuata mwaka 2018.

Kuzaliwa kwa wakala

Katika hali hiyo ya kutokuwa na hakika ndipo Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC), taasisi ya Geneva iliyo chini ya Umoja wa Mataifa na Shirika la Biashara Duniani, kwa ushirikiano na Baraza la Wakimbizi la Norwe (NRC), lililokuwa na vituo vya mafunzo ya vijana Dadaab, ilipoleta mpango wake wa ajira na stadi kwa wakimbizi, ujulikanao kwa herufi RESI. Kakuma, penye mafundi wa vitambaa na ushanga, mpango ulizitazama pia kazi za mikono. Dadaab uliitazama kompyuta. Wakimbizi na wenyeji walifundishwa pamoja, na kuchanganywa huko kulikuwa hekima, kwa sababu mwenyeji wa Lagdera au Fafi, ingawa ni raia, alikuwa mbali na soko karibu sawa na jirani yake wa Ifo.

Mafunzo ya kompyuta yenyewe hayakuwa mapya. Kilichokuwa kipya ni kufundishwa kuuza: kuandika maelezo ya ustadi wako yasiyojisifu kupita kiasi wala kujidunisha, kukadiria saa za kazi, kutoa bei, kujibu mteja mwenye hasira, kuomba masahihisho yaandikwe. Majukwaa makubwa ya kazi za mbali yalikuwa yamekomaa. Elance na oDesk zilikwisha kuungana, na mwaka 2015 zikachukua jina la Upwork, ambako Mkenya wa Garissa angeweza kushindana na mchoraji wa Manila na mfasiri wa Cairo katika tangazo lile lile la kazi.

Kushindana huko kwa mtu mmoja mmoja kulikuwa kugumu. Aliyejiandikisha jana hana maoni ya wateja waliotangulia, na mteja humpa kazi mwenye maoni. Kupata maoni, sharti upate kazi kwanza. Waliovuka kizingiti hicho walivuka kwa kukubali bei ya chini mno, na katika bei hiyo jukwaa lilikata lake: toka 2016 Upwork ilichukua asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja, kisha asilimia 10, na asilimia 5 baada ya dola 10,000, hadi mwaka 2023 ilipoweka asilimia 10 kwa wote. Tazama mpango huo ulivyomwelemea mwanagenzi, ambaye wateja wake wote ni wapya na kazi zake zote ni ndogo: yeye ndiye aliyelipa ushuru mkubwa kuliko wote.

Wanafunzi wa mpango huo wakaungana, na kutokana na muungano huo ukasimama Dadaab Collective Freelancing Agency, wakala unaoongozwa na wakimbizi wenyewe pamoja na wenyeji. Hapa, kwa mara ya kwanza katika nasaba tuliyoieleza, jina lililo juu ya hati ya malipo lilikuwa na neno Dadaab ndani yake.

Huduma, na namna kazi inavyokwenda

Huduma za wakala ni za aina mbili. Ziko za lugha: tarjama baina ya Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, na unakili wa mahojiano kutoka sauti kwenda maandishi. Ziko za ubunifu na ofisi: michoro ya matangazo, utangazaji wa mitandaoni, uingizaji wa taarifa na mengineyo ya jinsi hiyo.

Za lugha ndizo zilizo na nguvu ya asili. Wasomali wametawanyika toka Minneapolis hadi London na Stockholm, na kila hospitali, shule na mahakama ya huko huhitaji karatasi ya Kisomali. Fauka ya hayo, mtafiti aliyehoji watu saa arobaini huko Baidoa hana wa kumnakilia ila mtu aijuaye lahaja ya Baidoa. Mchoraji wa nembo wa Dadaab anashindana na dunia nzima. Mnakili wa lahaja hiyo anashindana na wachache sana, na ikiwa kuna nasaha ya kibiashara tunayothubutu kuitoa katika kurasa za ukumbusho, ni kwamba wakala uuze kwanza hicho, kisha ubandike nembo juu yake.

Uongozi katika shughuli ya namna hii haufanani na ule wa kampuni yenye ngazi. Awali wakufunzi wa mradi ndio walioshika usukani, wakitafuta kazi na kuzigawa. Baadaye usukani sharti uhamie kwa wanachama, na ndipo zinapohitajika kazi tatu ambazo mtu mmoja hawezi kuzichanganya bila hasara. Yuko mtafutaji, anayeandika maombi ya kazi na kuzungumza na mteja. Yuko mgawaji, ajuaye nani ana nafasi na nani ana mgonjwa nyumbani. Na yuko mkaguzi, asomaye kila ukurasa kabla haujatoka, ambaye aghalabu hapendwi, na ambaye bila yeye jina la wote huharibiwa na mmoja. Kwa mteja aliye mbali, mkaguzi ndiye kampuni.

Aprili 2020, maradhi ya korona yalipoenea, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Dadaab na Kakuma. Dunia nzima ikajifunza, kwa shida na malalamiko mengi, kufanya kazi bila kutoka nyumbani. Kambini jambo hilo lilikuwa na umri wa miaka 29.

Kipande, fedha na sheria

Lililokuwa zito kuliko ustadi na kuliko intaneti ni kulipwa. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2018 ikaunganishwa na PayPal, hata Mkenya aliyefanya kazi ya mteja wa Kanada akaweza kuzitoa fedha zake kwa wakala wa mtaani. Lakini kila mlango katika njia hiyo huuliza kipande: jukwaa huuliza, benki huuliza, kampuni ya simu huuliza. Hati ya mkimbizi ni hati halali ya Kenya, lakini mashine iliyoundwa ng'ambo haikufundishwa kuitambua. Wala mwenyeji hakusalimika, kwani maelfu ya raia wa kaunti hii, waliojiandikisha kambini wakati wa njaa ili wapate mgawo, walikutwa na alama za vidole vyao katika daftari la wakimbizi na wakanyimwa vitambulisho vya taifa lao kwa miaka mingi. Kijana wa namna hiyo alikuwa mgeni kwa serikali yake na mwenyeji kwa mashirika, na kwa jukwaa la mtandaoni hakuwa mtu kabisa.

Wakala ulio na jina moja hupunguza shida hiyo, kwa kuwa mteja humlipa mmoja naye huwagawia wengi. Na papo hapo huleta hatari yake, maana anayeshika fedha za wote amekuwa dalali mpya. Dawa yake ni hesabu zinazosomwa hadharani, na hakuna nyingine.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ilitambua haki ya mkimbizi kushiriki katika uchumi na kujipatia riziki kwa ustadi wake. Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa uchunguzi wa ziada waliofanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani walipoomba vitambulisho, na Machi ya mwaka huo ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wenye shabaha ya kuzigeuza kambi kuwa makazi yaliyounganika na miji ya wenyeji.

Jedwali la nyakati

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1926 | Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini yafanywa eneo lililofungwa |
| 1972 | Hati ya Kilatini ya Kisomali yatangazwa rasmi |
| 1991–1992 | Ifo, kisha Dagahaley na Hagadera, zafunguliwa |
| 1999 | FilmAid yaanzishwa wakati wa vita vya Kosovo |
| 2001 | FilmAid yaingia Kakuma, kabla ya kuja Dadaab |
| 2007 | M-Pesa yaanza |
| 2009 | Nyaya za TEAMS na SEACOM zafika Mombasa. Jaribio la Samasource na CARE Dadaab |
| 2011 | Njaa; idadi ya wakimbizi yapanda kupita kiasi; Ifo 2 na Kambioos |
| 2012 | DadaabNet yajengwa |
| 2013 | Kozi za BHER zaanza |
| 2015 | Msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa, hawala zasimamishwa, Upwork yapata jina lake |
| 2017 | Mahakama Kuu yabatilisha amri ya kufunga kambi |
| 2018 | PayPal na M-Pesa zaunganishwa |
| 2020 | Dadaab yafungwa kwa ajili ya korona |
| 2022 | Sheria mpya ya Wakimbizi yaanza kutumika |
| 2023 | Abdullahi Mire apewa Tuzo ya Nansen |
| 2025 | Mpango wa Shirika wazinduliwa |

Kuanzishwa kwa mpango wa RESI na kwa wakala wenyewe hatukukupa mstari katika jedwali, kwa kuwa mambo hayo yalikua hatua kwa hatua, wala si ya siku moja.

Hali ilivyo sasa

Soko la tarjama limebadilika tangu wanachama wa kwanza walipoketi mbele ya kompyuta. Google iliingiza Kisomali katika mashine yake ya kutafsiri Desemba 2013, kwa ubora ulioleta kicheko kambini; leo mashine hizo hutafsiri barua ya kawaida kwa namna isiyochekesha tena, na bei ya kurasa nyepesi imeanguka duniani kote. Kazi iliyobaki na bei yake ni ya kusahihisha ilichotafsiri mashine katika mambo ya tiba na sheria, ya kunakili sauti za lahaja ambazo mashine haijazisikia vya kutosha, na ya kurekodi sauti hizo hizo kwa makampuni yanayozifundisha mashine. Hii ya mwisho inalipwa vizuri kwa sasa. Mikataba yake isomwe kwa makini kabla ya kutiwa saini, hasa kifungu kinachoeleza sauti itamilikiwa na nani baada ya malipo, na kwa muda gani.